Kupiga Picha na Kupiga Hodi

Kitenzi "piga" katika lugha ya Kiswahili kina kazi nyingi. Mtu hupiga ngoma, hupiga pasi, hupiga simu, hupiga hodi na hupiga picha. Wajaluo, ambao ndio wenyeji wengi wa Homa Bay na Migori, nao husema "goyo picha", na "goyo" ni kupiga. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiutoa mfano huu darasani kuonyesha jinsi neno moja linavyoweza kubeba maana nyingi, kisha ninaendelea na somo. Siku hizi sipiti hapo upesi. Nimekuja kuona kwamba hatari ya kupiga picha imo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kuwa picha yaweza kuumiza kama pigo.

Wakati wa likizo iliyopita nilikuwa safarini kutoka Migori kwenda Homa Bay. Njiani tulikuta pikipiki ya bodaboda imegongana na lori. Mwendeshaji, kijana mdogo, alikuwa amelala kando ya barabara, damu ikimtoka kichwani. Waliomzunguka hawakupungua watu thelathini, na wengi wao walivaa sare za shule. Karibu kila mkono ulikuwa umeinua simu. Sikumwona hata mmoja aliyeinama kumshika. Tulimpakia garini, na kabla hatujafika hospitalini abiria mmoja alikuwa amekwisha kuletewa picha za kijana yule kwenye simu yake. Ninashukuru kwamba alipona. Mama yake, hata hivyo, alipata habari za ajali ile kwa kuiona picha kabla ya kuambiwa na mtu.

Nilipokisimulia kisa hiki mbele ya walimu wa sekondari, mmoja wao, mwenyeji wa Mbita, aliniuliza swali ambalo sikuwa tayari kulijibu. Alitaka kujua wanafunzi wale walikosa nini, ikiwa wapigapicha mashuhuri hupewa tuzo kwa kutenda yaleyale. Akanikumbusha picha za Tom Mboya akiwa katika gari la wagonjwa, amezibwa kinywa na pua kwa chombo cha hewa, daktari akihangaika kumrejeshea uhai. Mboya ni mwana wa Kisiwa cha Rusinga, hapo ng'ambo ya Mbita, na amezikwa huko. Kwa mwalimu yule, picha zile zilikuwa za mtu wa nyumbani.

Aliyezipiga ni Mohamed Amin, aliyejulikana na wengi kwa jina fupi la Mo. Ili kulijibu swali la mwalimu ilinibidi niurudie mwendo mzima wa maisha ya mtu huyu na namna alivyofanya kazi. Leo namshirikisha msomaji katika niliyoyapata.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943, katika familia yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mtumishi wa shirika la reli. Amin angali mtoto, familia ilihamia Dar es Salaam, na ni huko alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Wanaozifahamu kamera hizo watakumbuka kuwa zilikuwa visanduku tu, vyenye lenzi moja isiyorekebishwa, na hazikumpa mtumiaji nafasi ya kuchagua mambo mengi. Aliyetaka kitu kionekane kikubwa alilazimika kukiendea kwa miguu yake. Nadhani tabia hiyo ya kusogea karibu, aliyoianza kwa sababu chombo kilimlazimisha, haikumtoka hata alipopata vyombo vya thamani. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa tayari akipiga picha za mashindano ya magari ya Safari Rally na kuziuza magazetini.

Mwaka wa 1963, kabla hajatimiza au ndiyo kwanza ametimiza miaka 20, alianzisha kampuni yake, Camerapix, mjini Dar es Salaam. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, alikuwa miongoni mwa wanahabari wa mwanzo kuvuka bahari na kumpiga picha John Okello na wafuasi wake. Visiwa hivyohivyo vilimfunza gharama ya kazi hii. Mwaka wa 1966 alikamatwa huko, akatiwa katika jela ya Kiinua Miguu kwa takriban mwezi mmoja, kisha akafukuzwa. Aliihamishia kazi yake Nairobi, na tangu hapo jiji hilo likawa makao yake.

Ni vyema sasa tuvitazame vyombo na desturi zake, maana hapo ndipo vijana wetu hukosea. Wengi huamini kwamba mpigapicha ni kamera, na kwamba mwenye kamera ya bei kubwa ni mpigapicha mkubwa. Katika miaka ya 1960 mwanahabari wa televisheni alitegemea kamera za filamu ya milimita 16. Nyingi zilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na utepe wa mita 30 ulikwisha katika muda usiozidi dakika tatu. Kamera ya picha za kawaida ilikuwa na nafasi 36 katika filamu moja. Hapakuwa na kuangalia nyuma ya kamera kujua kama picha imetoka vyema. Filamu ilisafirishwa kwa ndege hadi London au kwingineko, ikasafishwa huko, na mpigaji akapata habari za kazi yake baadaye. Kwa hiyo kila mara kidole kilipobonyeza, akili ilikuwa imekwisha kuamua. Uhaba ulikuwa mwalimu mkali.

Desturi ya kwanza ya Amin ilikuwa kufanya kazi mbili kwa mpigo. Alibeba kamera ya sinema kwa ajili ya televisheni, na pamoja nayo kamera ya picha za kawaida kwa ajili ya magazeti na vitabu. Safari moja ilimpa mazao ya aina mbili. Biashara ilikuwa na nafasi yake katika mpango huo, kwani mtu aliyejiajiri Afrika Mashariki hakuwa na shirika kubwa la kumlisha. Hata alipokuwa akilifanyia kazi shirika la Visnews, ambalo picha zake zilisambazwa kwa vituo vya televisheni duniani kote, aliendelea kuwa mwenye Camerapix.

Desturi ya pili ilikuwa maandalizi. Amin alikuwa mtu wa kuamka mapema na kuzijua njia. Alijua ni nani mwenye ndege, nani mwenye ufunguo wa ofisi, na ni afisa gani wa kumwomba kibali. Watu husifu ujasiri wake, na kweli alikuwa jasiri, lakini ujasiri haumfikishi mtu mahali ambako hana kibali wala usafiri. Aghalabu wenzake walipokuwa wakiuliza njia, yeye alikuwa amekwisha kufika.

Desturi ya tatu, ambayo walimu wa historia wataithamini zaidi, ni kuhifadhi. Amin hakuzitupa picha zake baada ya habari kupoa. Alizitunza, na hazina aliyoiacha Nairobi inahesabiwa kwa mamilioni ya picha, mbali na filamu na kanda za video. Leo mtu akitaka kuona nyuso za Afrika Mashariki katika miongo ya kwanza ya uhuru, hana budi kupita mlangoni mwa Camerapix.

Turudi sasa kwenye swali la mwalimu. Siku ya Jumamosi, 5 Julai 1969, Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, jijini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mohamed Amin alifika upesi, akaingia katika gari la wagonjwa, na akaendelea kupiga picha na filamu wakati juhudi za kumwokoa zikiendelea. Kwa kazi ya siku ile alitunukiwa nchini Uingereza tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka wa 1969. Mboya alisafirishwa hadi nyumbani na kuzikwa Rusinga. Watu waliofurika barabarani njia nzima walikuwa wakilia na kughadhibika, na nchi ilitikisika kuanzia kanisani Nairobi hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria.

Je, Amin alitenda haki? Wapo wanaomtetea bila kusita. Husema kwamba mauaji ya kiongozi si jambo la familia peke yake, na kwamba lau picha hazikuwapo uvumi ungejaza pengo. Mimi pia naona uzito wa hoja hiyo. Katika nchi ambayo mengi husemwa kwa kunong'onezana, picha ilishuhudia kwamba mtu huyu alikuwa na damu kama sisi na kwamba madaktari walijaribu. Wapo pia wanaosema kwamba mtu anayekata roho ana haki ya pazia. Mila za watu wa ziwani, kama mila za Waislamu na za Waswahili wa pwani, humsitiri maiti. Hakuna aliyepiga hodi katika gari lile, na aliyekuwa amelala hangeweza kuitikia.

Sitaficha maoni yangu. Naamini picha zile zilikuwa na haki ya kupigwa, na naamini vilevile kwamba familia ya Rusinga ilikuwa na haki ya kuumia. La pili halifutwi na la kwanza. Tuzo iliyotolewa London haiwezi kuwa jibu kwa mwalimu wa Mbita, kwa sababu waliotoa tuzo hawakuwa wamefiwa. Tukitaka kumhukumu Amin kwa insafu, tutazame alichofanya kwa muda wa maisha yake yote, tuone kama mateso ya watu yalikuwa kwake kitu cha kuchuma na kuondoka.

Ushahidi mkubwa zaidi umo Ethiopia. Oktoba 1984 Amin alisafiri na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, hadi Korem, kaskazini mwa nchi hiyo, ambako maelfu ya watu waliokimbia njaa walikuwa wamekusanyika. Kuingia huko kulihitaji vibali vingi, na kuvipata kulikuwa sehemu ya kazi ya Amin. Mwanafunzi wa upigaji picha akizitazama filamu zile kwa makini, atashangazwa na utulivu wake. Kamera haikimbii. Inapita polepole juu ya uwanda ulioenea watu wakati wa alfajiri, inasimama kwenye uso mmoja, kisha inangoja. Hakuna madoido ya lenzi wala mirukoruko. Mtazamaji anapewa muda wa kuwaona watu kama watu.

Taarifa hiyo ilitangazwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, na baada ya hapo ikaonyeshwa na mamia ya vituo duniani. Matokeo yake yanajulikana. Wanamuziki wa Uingereza walitoa wimbo wa kuchangisha fedha mwishoni mwa mwaka huo, wenzao wa Marekani wakafuata mwanzoni mwa 1985, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha makubwa ya Live Aid jijini London na Philadelphia. Chakula kilifika. Watu ambao wangekufa hawakufa.

Hata hapa pana lawama, na msomi hapaswi kuikwepa. Wako wanaosema kwamba picha za Korem zilimfunza mzungu kumwona Mwafrika kama mtu mwenye bakuli mkononi. Ni kweli kwamba ulimwengu ulizikumbuka picha hizo na kuyasahau mengine yote. Lakini Amin mwenyewe alikuwa na mengine mengi ya kuonyesha. Mwaka wa 1978 alitoa kitabu cha picha kuhusu hija ya Makka. Mwaka wa 1981 alitoa "Cradle of Mankind" kuhusu Ziwa Turkana na watu wake. Mwaka wa 1982 yeye na wenzake, Duncan Willetts na Brian Tetley, walitoa "Journey through Kenya". Katika vitabu hivyo kuna wavuvi, wachungaji, masoko, milima na sherehe. Mpigapicha yule wa vita na njaa alipenda pia mwanga wa asubuhi juu ya maji na uso wa mzee aliyetulia. Kama ulimwengu ulichagua kukumbuka njaa peke yake, tusimtwike Amin kosa lote.

Thamani ya picha aliilipa kwa mwili wake. Juni 1991, siku chache baada ya serikali ya Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa. Amin alikuwapo kazini na mrekodi wake wa sauti, John Mathai. Mathai aliuawa. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Mtu mwingine angestaafu, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikwenda Marekani, akatengenezewa mkono wa bandia uliomwezesha kuishika kamera, na baada ya miezi michache alikuwa amerudi kazini. Huyu ni mtu ambaye alikwisha kuwa yule anayelala chini akivuja damu huku wengine wakisimama. Baada ya siku ile hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui maana ya kuumia.

Mwisho wake ulikuwa wa ghafla. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurejea Nairobi, pamoja na Brian Tetley. Watu watatu waliiteka na kudai ipelekwe Australia, ingawa mafuta hayakutosha. Mafuta yalipokwisha, rubani aliitua baharini karibu na kisiwa cha Ngazidja, huko Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Amin na Tetley walikuwa miongoni mwao. Walionusurika walisimulia kwamba Amin alikuwa amesimama akijaribu kuzungumza na watekaji. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Sasa naweza kumjibu mwalimu wa Mbita. Wanafunzi wale wa barabarani na Mohamed Amin walifanya kitendo kinachoitwa kwa neno moja, lakini lugha isitudanganye. Amin aliifuata habari kwa safari, vibali na jela, ilhali wao habari iliwakuta wakitoka shule. Yeye alisimama karibu kwa jina lake, akajulikana ni nani aliyepiga, lini na wapi, na akawa tayari kulaumiwa. Picha ya yule kijana wa bodaboda haikuwa na jina la mpigaji, haikuwa na tarehe, wala haikuwa na kusudi. Tena, penye daktari kazi ya mpigapicha yaweza kuwa kupiga picha. Penye majeruhi asiye na daktari, kazi ya mtu yeyote mwenye mikono miwili ni kumwinua.

Siwalaumu watoto peke yao. Tumewapa vyombo ambavyo Amin hakuviota alipokuwa na umri wao, nasi hatukuwapa somo hata moja la kuvitumia. Simu ya mwanafunzi wa leo haijui uhaba. Yaweza kupiga picha elfu moja bila gharama, na kwa sababu hiyo haimlazimishi mwenyewe kufikiri. Ulazima huo hauna budi kutoka kwa mwalimu.

Naomba basi walimu wa Migori na Homa Bay walijaribu zoezi hili. Mpeni mwanafunzi nafasi 36, kama filamu ya zamani, wala isizidi moja. Mpelekeni Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe za Migori zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018, au ufukweni Mbita wakati mashua zinaporudi na samaki, au Rusinga kwenye kaburi la Mboya. Mwambieni asogee karibu kwa miguu yake. Kabla ya kumpiga picha mtu yeyote, amsalimu, ajitambulishe kama ni Baba au Mama au Mzee anayemkuta, na aombe ruhusa. Akikataliwa, ashukuru na aende zake. Kila picha aiandikie jina, mahali na tarehe, kwa Kiswahili sanifu, kisha shule izihifadhi. Baada ya miaka 50 mtu atakayezihitaji atazikuta.

Kuhusu gari la wagonjwa la mwaka wa 1969, mwalimu wa Mbita na mimi bado hatujakubaliana, na sidhani kwamba ni lazima tukubaliane. Amependekeza swali hilo liwe mada ya mjadala wa wanafunzi wake muhula ujao. Nimeahidi kuwapo, na nimemwomba anitengee kiti cha nyuma ili nisikilize.